Ndama wa Karanga na Tangi la Bwana Mbarouk

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali kiasi hicho, maana simu zilikuwepo na umeme ulikuwepo siku ulipojisikia, aliishi mjini Singida mwanaume mmoja aitwaye Ntandu. Kaeni niwasimulie. Anayetaka kulala alale sasa, asije akanifuata kesho kuniuliza iliishaje, kwa sababu hata mimi sijui iliishaje. Ndiyo maana nawasimulia.

Ntandu alikuwa na mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, mke aitwaye Foibe, mama mzazi aitwaye Bibi Elisifa, watoto wanne, wa kwanza Tumsifu, na akili nzuri sana. Akili za watu wengine hupumzika. Ya Ntandu haikuwa na tabia hiyo.

Mwaka wa kwanza iliwaza kware. Foibe akasema, "Baba Tumsifu, usinunue." Akanunua mia mbili. Kware wakala, wakachafua, wakazidi. Wateja waliosemekana wangepigana mlangoni kugombea mayai hawakufika hata kuuliza njia. Familia ikala kware asubuhi, ikala kware jioni, mpaka watoto wakawa wanaomba maharage kwa machozi.

Mwaka wa pili iliwaza sungura. Foibe akalia, "Baba Tumsifu, nakuomba, usinunue." Akanunua, na mabanda juu yake. Sungura wakachimba, wakatoka, wakahamia kwenye mchicha wa mchungaji. Ntandu akaenda kuomba radhi, na mchungaji akawasamehe sungura wote kwa jumla, maana kuwasamehe mmoja mmoja kungemaliza wiki.

Hapo Ntandu akaona aibu. Akamwita mkewe. Akamwita mama yake. Fundi Kiula hakuitwa, lakini alikuwepo. Yeye ndiye aliyeijenga nyumba ile, na tangu aikamilishe hakuwahi kuikosa saa ya chai. Ntandu akasimama mbele ya hao watatu, akaweka mkono kifuani.

"Nimejijua," akasema. "Naapa mbele yenu. Mtu yeyote atakayeniokoa nisifanye tena ujinga kama huu, ndama wa kwanza wa Karanga ni wake."

Sasa sikilizeni vizuri, maana kesi yote imelala hapa. Karanga alikuwa mtamba mwekundu mwenye mimba ya kwanza, na hakuwa wa Ntandu. Alikuwa wa Foibe. Foibe alipewa na baba yake akiwa ndama wa kunyonya, akamlea kwa pumba na maneno matamu. Yaani Ntandu aliapa kwa mali ya mkewe. Ukarimu wa namna hiyo hauumi.

Lakini Foibe akapiga makofi. "Nimekubali," akasema. "Mashahidi mpo." Alikubali haraka kwa sababu alitazama huku na huku, hakuona mtu mwingine duniani ambaye kazi yake ilikuwa kumwokoa Ntandu. Alijua ndama ataondoka kwa mkono wa kulia na kurudi kwa mkono wa kushoto.

Na katika ukoo ule kulikuwa na desturi. Ng'ombe aliyetoka kwa baba wa mwanamke, mume anaweza kumchunga, anaweza kumsifia mbele ya wageni, anaweza hata kumwita "ng'ombe wangu" akiwa mbali na nyumbani. Lakini akitaka kumtoa zizini aende kwa mtu mwingine, lazima mke mwenyewe afungue kamba kwa mkono wake. Asipofungua, ng'ombe haendi.

Foibe alikuwa akiyasubiri maziwa ya Karanga. Kwa miaka alinunua maziwa ya jirani, na maziwa ya jirani yalikuwa yanaonyesha chini ya kikombe. Hakuwa na ndoto nyingine. Mwanamke mwenye watoto wanne na mume mwenye akili nzuri hujifunza kuota vitu vidogo vidogo.

Mwaka wa tatu, siku ya Jumatatu, Ntandu alipeleka mafuta kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na Ziwa Singidani. Mwenye nyumba hiyo aliitwa Bwana Mbarouk, mtu wa Pemba, ambaye biashara ilimleta bara na pwani haikumtoka moyoni. Pale mapokezi alikuwa na tangi la kioo, refu kuliko kitanda, limejaa maji ya chumvi, mawe ya bahari, na samaki wa rangi ambazo Ntandu alikuwa amezoea kuziona kwenye kanga tu. Na Bwana Mbarouk alikuwa anarudi kwao. Tangi linauzwa. Samaki ndani yake, mawe ndani yake, pampu juu yake. Thamani yake mtamba mmoja mzuri.

Ntandu akarudi nyumbani na uso wa mtu aliyetokewa na malaika.

"Mama Tumsifu," akasema, "kesho sebule yetu haitatambulika."

"Itakuwa imefanyaje?"

"Itakuwa na bahari."

Foibe akaweka chini ungo wa mchele. Akamsikiliza mpaka mwisho: samaki wa machungwa wenye mistari, samaki wa bluu, jinsi wanavyomtazama mtu, jinsi moyo unavyotulia. Hakuuliza moyo wa nani.

"Na maji ya chumvi utayatoa wapi? Bahari iko mbali."

Hilo ndilo swali Ntandu alilokuwa akilisubiri. "Mama Tumsifu, sisi watu wa Singida Mungu alitunyima mvua, lakini ametupa ziwa la chumvi katikati ya mji. Wa Dodoma hana. Wa Tabora hana. Nimepita pale, nimechovya kidole, nimelamba. Chumvi! Bahari tunayo hapa hapa, bure."

"Na umewahi kulamba bahari yenyewe?"

"Chumvi ni chumvi."

Foibe akauinua tena ungo wake. Alikumbuka kware: alisema hapana, wakaja mia mbili. Akakumbuka sungura: alilia, wakaja na mabanda. Aliona kwamba hapana yake ndiyo iliyokuwa mbolea ya mambo ya mume wake. Akavuta pumzi, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Sawa," akasema. "Nunua."

Ntandu alikuwa ameshafungua mdomo ili abishe. Akaufunga.

"Kamba ya Karanga nitaifungua mimi mwenyewe, Ijumaa," Foibe akaendelea. "Ila samaki ni kazi. Tangi hilo halipungui madumu thelathini na tano, na nimesikia maji hubadilishwa kidogo kidogo. Kuanzia kesho mpaka Ijumaa fanya mazoezi. Kila asubuhi chota madumu saba ziwani, mwaga kwenye pipa lile pale uani, ya jana uyatoe. Ukiweza, wewe ni mfugaji. Mimi sitagusa dumu hata moja."

"Madumu saba tu?" Ntandu akacheka. "Hayo ni mazoezi ya viungo!"

Jumanne alikwenda ziwani na baiskeli, akirudi anapiga mluzi. Jumatano alikwenda, akirudi hapigi mluzi. Alhamisi akarudi ameshika kiuno, kwa sababu safari mbili za kupandisha maji mlimani si sawa na safari mbili za kuyawaza.

Foibe alimwona dirishani. Akatabasamu kidogo, akaendelea kumenya viazi. Furaha ya watu waliochoka huja kwa kipimo hicho.

Je, Ntandu aliacha? Ntandu alisikia kiuno. Ntandu akatikisa kichwa. Ntandu hakubadili nia. "Nimepata ufumbuzi," akasema. "Nitakuwa nakodi bodaboda."

Turudi nyuma kidogo, kwenye Jumatano ile ile, saa ya chai. Ntandu alimwita fundi Kiula amtengenezee stendi ya tangi, na ilikuwa mara ya kwanza Kiula kuitwa kwenye nyumba ile badala ya kutokea tu. Kiula akaja na tepu. Akapima ukuta, akapima sakafu. Akauliza uzito.

"Maji peke yake kilo mia saba," Ntandu akasema kwa fahari. "Ukiweka kioo na mawe, ni kama ng'ombe watatu wakubwa wamesimama sehemu moja."

"Wamesimama tu? Hawatembei?"

"Wanatembeaje, Kiula, ni tangi!"

Kiula akaviringisha tepu. Akafungua tena. Akaviringisha. Akanywa chai. Akakataa kuongezewa chai, na hapo Foibe akajua kuna msiba.

"Bosi," Kiula akasema, "hili tangi haliwezi kukaa sebuleni."

"Kwa nini?"

"Sakafu."

"Sakafu ina nini? Si wewe uliyeimwaga?"

"Ndiyo maana nasema."

Ikabidi aseme yote. Pale sebuleni, kabla ya nyumba kuongezwa, palikuwa na shimo la choo cha zamani. Ntandu alitoa mifuko kumi ya saruji ili shimo lifunikwe kwa zege zito. Kiula alitumia mifuko sita. Minne ilipotea njia, ikajikuta kwenye banda la nguruwe la Kiula, ambalo mpaka leo ndilo jengo imara kuliko yote katika mtaa ule.

"Kwa watu wa kawaida inatosha," Kiula akasema akitazama vidole vya miguu yake. "Kiti, meza, wageni wa Krismasi, hakuna shida. Lakini ng'ombe watatu wamesimama? Bosi, hao samaki watarudi chini kabla hujawapa majina."

"Miaka minane!" Foibe akasema. "Miaka minane, Kiula, unakuja kunywa chai yangu juu ya shimo uliloliiba wewe mwenyewe!"

"Shemeji, shimo sikuiba. Niliiba kifuniko."

Angeweza kunyamaza, mnaona. Angetengeneza stendi, akalipwa, akaondoka. Alisema ukweli, na tangu siku hiyo hakuna mtu mtaani aliyempa kazi ya sakafu. Hata ya kuku.

Je, Ntandu aliacha? Ntandu alisikia habari za shimo. Ntandu akatikisa kichwa. Ntandu hakubadili nia. "Chumba cha mama," akasema, "kiko kwenye nyumba ya zamani. Chini ni mwamba mtupu. Tutaweka tangi kule."

Bibi Elisifa alikuwa barazani akichambua mbegu za maboga. Alikuwa hajaulizwa chochote mpaka hapo, na aligundua kwamba hata sasa hajaulizwa, ameambiwa.

"Wapi?" akauliza.

"Chumbani kwako, mama. Utalala ukitazama samaki."

"Na mimi nitalala wapi?"

"Hapo hapo. Tutasogeza kitanda."

"Kitasogezwa kuelekea wapi, Ntandu? Ukutani kuna ukuta."

"Mama, utazoea."

Bibi Elisifa akapuliza maganda. "Haya," akasema. "Ijumaa nitakwenda na mimi. Mtu atakayelala chumba kimoja na mgeni ana haki ya kumwona mgeni kwanza."

Ikafika Ijumaa. Mbele alitembea Ntandu, shati limenyooshwa, kiuno hakijanyooka. Nyuma yake Foibe, amemshika Karanga kwa kamba. Nyuma ya Foibe, Bibi Elisifa na fimbo yake. Nyuma kabisa Kiula, eti kusaidia kubeba, lakini alikuwa amesikia kwamba Bwana Mbarouk hutoa soda.

Foibe alitembea akihesabu hatua. Alikuwa amecheza mchezo wake mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa umekaribia upande usiofaa. Kila hatua alitarajia Ntandu ageuke, aseme, "Basi, turudi." Ntandu hakugeuka. Karanga alitembea kwa raha, tumbo likiyumba, akisimama kula majani ya watu. Ng'ombe hana habari za kubadilishwa na kioo.

Bwana Mbarouk akawapokea kwa heshima zote, akatoa soda, akawapeleka mbele ya tangi. Na semeni mnachotaka, tangi lilikuwa zuri. Hata Foibe alikubali moyoni, jambo lililomuudhi zaidi. Samaki wa machungwa akatoka nyuma ya jiwe, akamtazama Ntandu. Ntandu akamtazama. Wakaelewana.

"Nimeridhika," Ntandu akasema. "Mama Tumsifu, kamba."

Foibe alikuwa amemfunga Karanga kwenye mti wa mlangoni. Akaenda, akafungua fundo kwa mkono wake mwenyewe, kama desturi inavyotaka. Vidole vilikuwa vizito, lakini alikuwa amesema sawa, na katika nyumba ile angalau mtu mmoja alipaswa kuwa na neno lake. Akampa Ntandu kamba. Ntandu akampa Bwana Mbarouk. Bwana Mbarouk akaishika.

"Mnada ni kesho," Bwana Mbarouk akasema kwa upole. "Nitamuuza hapa hapa, sitamchosha kwa safari ya mbali."

Hapo ndipo Bibi Elisifa alipopiga fimbo chini.

Bibi Elisifa hakuwa na habari za samaki. Samaki aliyemjua ni dagaa. Lakini alinunua na kuuza mifugo miaka hamsini, na marehemu mumewe alimfundisha jambo moja: unaponunua mfugo usiulize habari za walio hai. Walio hai unawaona. Uliza waliokufa.

"Mwanangu Mbarouk," akasema, "hawa ni wazuri. Sasa nionyeshe makaburi."

"Makaburi gani, bi mkubwa?"

"Ya wenzao. Mfugaji hana walio hai tu. Umezika wangapi?"

Pampu ikaendelea kubwabwaja peke yake. Bwana Mbarouk alikuwa na kamba mkononi. Angeweza kusema, "Wachache tu, bi mkubwa." Angeweza kusema, "Hawa hawafi." Kamba ilikuwa mkononi mwake, ng'ombe alikuwa mlangoni, kesho mnada. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha kumkamata.

Akaitazama kamba. Akamtazama yule bibi. Akaketi.

"Sitini na watatu," akasema. "Wallahi, hao ni wale niliowahesabu."

"Jamani!" akasema Kiula, soda ikiwa nusu.

"Wa kwanza waliletwa kumi kwa siku moja. Nilitakiwa niliache tangi bila samaki wiki kadhaa, maji yakomae, kisha niingize mmoja, ningoje, mwingine, ningoje. Mimi nilikuwa na haraka. Wiki haikuisha, nimebaki na maji. Wa pili niliwafulia mawe. Mawe yalikuwa yananuka pwani, mke wangu akasema hiki si kitu cha kukaa ndani ya nyumba ya watu. Tukayasugua kwa sabuni, tukayaanika juani. Kumbe ile harufu ndiyo uhai wenyewe, ndiyo inayosafisha maji. Wa tatu nikawaua kwa chumvi. Maji yakipungua kwa joto, nilikuwa naongeza ya chumvi. Kumbe yanayopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Unaongeza maji baridi, yasiyo na chumvi. Mimi nikawa naongeza chumvi juu ya chumvi, mpaka nikawa natengeneza ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi."

Ntandu akasogea karibu na tangi. "Na maji ya ziwa? Ziwa letu lina chumvi."

Bwana Mbarouk akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwona ndugu yake. "Na wewe umelamba?"

"Nimelamba."

"Na mimi nililamba. Chumvi ya ziwa na chumvi ya bahari zina jina moja, lakini hazijawahi kuonana. Nilimtia samaki kwenye maji yale, sijamaliza Bismillahi amegeuka tumbo juu. Tangu hapo chumvi yangu inatoka Dar es Salaam kwa basi, katika mifuko, naikoroga na kuipima. Na umeme ukikatika, ndugu yangu, pampu ikisimama, mimi na mke wangu tunapokezana kukoroga maji kwa mwiko mpaka urudi. Mnajua wenyewe unavyokatika."

Walijua.

"Aliyeniuzia," Bwana Mbarouk akamalizia, "nilimuuliza kama ni kazi rahisi. Akaniambia ni kama kufuga kuku. Wewe ungeniuliza hivyo, ningekujibu vivyo hivyo, Mungu anisamehe. Lakini mama yako kaniuliza makaburi. Siwezi kudanganya juu ya makaburi." Akanyoosha mkono wenye kamba. "Bado unalitaka?"

Ntandu alimtazama samaki wa machungwa. Akamtazama mama yake. Kiuno kikamchoma mahali pale pale pa dumu la sita. Akamtazama mke wake, ambaye hakuwa akimtazama. Alikuwa akimtazama Karanga.

Ntandu akaichukua kamba. Wakarudi nyumbani. Njia nzima hakuna aliyesema kitu ila Kiula, aliyesema soda ilikuwa ya baridi.

Mwezi mmoja baadaye Karanga akazaa. Ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji, na maziwa ya kutosha kumfanya jirani aanze kuuza ya kwake bila maji, kwa hasira. Foibe akamsugua ndama kwa majani makavu, akanawa mikono, akasema, "Haya. Nimechukua ndama wangu."

"Wako kwa njia ipi?" akauliza Bibi Elisifa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kiula alikuwepo, ilikuwa saa ya chai. Bwana Mbarouk naye alikuwepo. Alikuwa bado hajahama, kwa sababu katika mji mzima hakupatikana mjinga wa pili wa kulinunua tangi.

Foibe akasema: "Ndama ni wangu. Ntandu alitaka kununua Jumanne. Nani alimfikisha Ijumaa? Ningesema hapana, tangi lingekuwa ndani kabla ya jua kutua. Nilimwambia sawa, nikampa madumu. Mimi ndiye niliyempa kiuno kile, na bila kiuno kile asingeichukua kamba."

"Ulifungua fundo, mkwe wangu," Bibi Elisifa akasema. "Kwa mkono wako. Mwokozi anayemkabidhi ng'ombe kwa mnunuzi, mimi simjui. Ungekataa kufungua, desturi iko upande wako, yote yangeisha."

"Yangeisha mwaka huu, mama. Mwakani angekuja na mamba."

Kiula akasema: "Ndama ni wangu. Nilisema ukweli unaoniuma. Nimepoteza jina, nimepoteza kazi, hata kuku hawaniamini. Bila mimi tangi lingewekwa sebuleni, bibi asingeguswa na jambo hili, angebaki barazani na mbegu zake. Ni mimi niliyemtoa."

"Ulimtoa kwa saruji yetu!" akasema Foibe. "Ungemwaga mifuko yote kumi ungekuwa na ukweli gani wa kusema? Mwizi anarudisha habari za alichoiba, anataka na zawadi?"

"Shemeji, mwaminifu angesema sakafu iko imara, na tangi lingewekwa. Wizi wangu ndio uliookoa."

Bibi Elisifa akasema: "Ndama ni wangu. Nyie wote mlizunguka. Madumu, tepu, soda. Ni nani aliyeuliza? Swali moja, maneno machache, ng'ombe akarudi."

"Uliuliza kwa sababu ya kitanda chako, mama," Foibe akasema. "Angeweka tangi kwangu, ungeuliza?"

Bibi Elisifa akajifanya hakusikia. Umri una faida zake.

Bwana Mbarouk akasema: "Na mimi msinisahau. Swali si kitu bila jibu. Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Bi mkubwa aliuliza na hakupoteza hata punje ya boga. Mimi nilijibu, nikapoteza mtamba mzima. Kiula kaniambia kiapo kilisema 'mtu yeyote'. Sitaki mama. Nipeni mtoto."

"Lakini wewe ndiwe uliyeleta huo ujinga sokoni!" akasema Kiula. "Mtu anatega shimo, anapiga kelele 'angalia shimo', anadai ujira."

"Kijana, wewe si mtu wa kusema habari za mashimo."

Kisha, mtaamini au hamtaamini, Ntandu akainua mkono. "Na mimi," akasema. "Ninyi mlisema tu. Aliyeichukua kamba ni nani? Mimi ndiye niliyejiokoa."

Wote wanne wakageuka wakamtazama. Akaushusha mkono.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Foibe akasimama ghafla kwa sababu ndama alikuwa hajanyonya, na katika wadai wote hao hakuna aliyekuwa ameona. Akamwelekeza kwenye chuchu, akasubiri mpaka anyonye. Aliporudi, alimkuta mume wake amemvuta Bwana Mbarouk pembeni ya zizi, anamnong'oneza.

"Hivi hilo tangi," Ntandu alikuwa akiuliza, "ukilikausha kabisa, bila maji, bila chumvi… konokono wanaweza kukaa humo?"

Bwana Mbarouk akafungua mdomo. Akamwona Foibe. Akaufunga.

Basi, mimi nimefika hapo, na ndama yuko zizini mpaka leo hana mwenyewe, wanamwita Shauri. Aliyesema sawa akafungua fundo, aliyeiba kisha akakiri, aliyeuliza kwa ajili ya kitanda chake, na aliyejibu kamba ikiwa mkononi. Mmoja wao ajulikane kabla konokono hawajafika. Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza bila hata kunisaidia kuchambua mchele huu: nani alistahili ndama? Na kwa mwanaume yule, kuna aliyemwokoa?